Skrini Iliyoingia Kwenye Vyombo vya Bi Harusi

Tanta, Jumatatu

Shemeji Wagdi,

Salamu zikufikie huko Kuwait. Skrini uliyonitumia ya kuchezea gemu imefika. Hii yangu kuukuu ina taa pembeni tu. Mwanga unavujia gizani, adui aliyejibanza kivulini simwoni mpaka ameshaniua. Yako ina vitaa tele nyuma, kila kimoja hujizima chenyewe, giza likawa giza. Nasikia tu. Mama ameipanga kwenye vyombo vya harusi vya dada Nashwa, na nailoni yake.

"Mama, hiyo yangu!"

"Bi harusi hatoki na kitu kilichofunguliwa, punguani we. Wakishaoana utakwenda kucheza kwao."

Wenzangu wa timu ya gemu wamechoka nami. Nikiuawa mapema tena kwenye mechi ya Alhamisi wananitoa. Na wewe harusi umeiahirisha tena. Nashwa haulizi tena utarudi lini, shemeji. Siku hizi nauliza mimi.

Wako, mwenye macho mekundu,
Hamdi