Gari la Kampuni Liache Same

Mhezi, 14 Juni 1995

Kaka Tumainieli,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Maharage yamekubali, na ng'ombe wa mama amezaa jike. Mafuta ya taa yamepanda tena, kwa hiyo siku hizi tunakula kabla jua halijazama.

Umeuliza kwa nini hatukumpeleka mama hospitali ya Same kwa gari. Gari la Eliakimu lilikuwepo, limeegeshwa pale kanisani, lakini halikuwa na dizeli. Tangu bei ipande, hanunui mpaka abiria wajae, na siku ile abiria alikuwa mama peke yake.

Baba mdogo akapuliza pembe ya msaragambo. Watu wakaja na majembe, wakidhani wanaitwa kutengeneza barabara kama kawaida. Wakayaacha uwanjani kwetu, wakambeba mama kwenye machela. Alikata roho kabla hawajafika bondeni. Waliporudi naye, majembe yalikuwa palepale. Wakayachukua, wakachimba kaburi.

Msibani mwalimu alitusomea gazeti: kampuni yenu ya mafuta imepata faida kubwa kuliko miaka yote. Watu wakanitazama mimi, dada yako, nami nikaendelea kumenya ndizi.

Rambirambi uliyotuma imefika, asante. Ukija kuweka msalaba, gari la kampuni liache Same. Panda kwa miguu, kwa njia ileile tuliyomshushia mama.

Mdogo wako,
Ernesta