Jina Langu Chini ya Jedwali

Jumatano. Ukungu tangu asubuhi, manyunyu, baridi ya kuvaa sweta mbili.

Jumapili asubuhi baba yangu alipoteza ndama saba. Aliwachoma sindano ya nagana, ugonjwa wa ndorobo, kwa mkono wake mwenyewe, akifuata jedwali la vipimo vya dawa. Jedwali hilo nililipanga mimi, kwenye kompyuta hii hii ninayoandikia.

Nimeandika maneno hayo nikayafuta, nikayaandika tena. Basi, yabaki.

Kwa asiyenijua: nina steshenari hapa Sumbawanga mjini. Nilianza na taipureta ya kukodi kwenye kibaraza cha watu, hakuna aliyenishika mkono. Leo nina kompyuta mbili na mashine ya fotokopi. Baba na mdogo wangu Masanja wako na ng'ombe huko mbele ya Namanyere, njia ya Kipili, tangu tulipohama Shinyanga nikiwa darasa la pili. Wakati ule bwana mifugo wa serikali alikuwa anakuja na sanduku lake, anachoma yeye, anaondoka. Sasa ni soko huria. Dawa dukani, sindano dukani, na daktari ni karatasi unayopewa pamoja na chenji.

Karatasi hiyo ndiyo kazi aliyoniletea Desderi, mwenye duka la dawa za mifugo hapa mjini, ana tawi pia Namanyere. Nikapanga jedwali: kushoto aina ya mnyama na maelezo yake, kulia cc za dawa. Dume, jike, mtamba, ndama. Mistari ya kulala nikaiweka unene wa pointi moja na nusu. Minene, ndiyo, kwa makusudi. Najua fotokopi inavyokula mstari mwembamba. Najua pia kwamba kopi za Namanyere hazitolewi kwenye karatasi ya kwanza, zinatolewa kwenye kopi ya kopi iliyokunjwa mfukoni.

Desderi alipoliona alicheka. "Dada, hili ni jedwali au zizi?"

"Ni zizi," nikamwambia. "Kila namba ilale kwao."

Akasema mistari ni urembo tu, mfugaji anataka dawa. Akachukua karatasi, akachukua na faili kwenye flashi. Chini kabisa nilikuwa nimeweka jina la steshenari yangu, ambalo ni langu mwenyewe, kwa herufi ndogo, kama ninavyofanya kwenye kila kazi. Ndilo tangazo langu pekee.

Jumatatu nilimpigia baba baada ya kusikia. Shikamoo yangu hakuiitikia.

"Mama, mimi sikuuliza mtu," akasema. "Kijana wa dukani alitaka kunielekeza. Nikamwonyesha jina lako pale chini, nikamwambia acha, haya mambo ya kwetu."

Akakata. Tangu hapo hapokei.

Jana Masanja kaja na basi, kaniletea karatasi yenyewe, ina tope na harufu ya zizi. Nikaikunjua juu ya meza. Mistari haipo. Ukurasa umepunguzwa ili majedwali mawili yaingie kwenye karatasi moja, maneno yamebanana, na bila mistari kila namba inaonekana ni ya mnyama aliye chini yake. Cc za mtamba, ng'ombe karibu mzima, zimekaa sawasawa na neno Ndama. Hata mimi niliyelipanga, kidole changu kiliteleza.

Jina langu linasomeka vizuri kabisa.

Nikafunga mlango wa duka mchana kweupe, nikapima. Faili langu bado lina pointi moja na nusu. Ukipunguza ukurasa kwa kiasi kile, unene unashuka hadi pointi moja na kidogo. Nikatoa kopi, nikatoa kopi ya kopi, nikaendelea hadi herufi zikaanza kufa, na mistari bado ipo. Kisha nikaiweka robo pointi, nikapunguza, nikatoa. Kopi ya pili tu, mistari imekuwa vidoti. Ya tatu, weupe mtupu. Ikawa pacha wa ile yenye tope.

Kwa hiyo si mashine. Kuna mtu alifungua faili, akachagua mistari yote, akaikondesha.

Masanja alikuwa ananitazama nikihangaika na makaratasi. "Dada, hata ukipima mpaka kesho, ndama hawaamki." Halafu, akiangalia chini: "Mzee kaniambia niibandue ile kalenda yako ukutani. Sijaibandua. Lakini kaniambia."

Kalenda ile nilimchapia mwenyewe, na picha ya fahali wake. Kila mgeni anayeingia pale analazimishwa kuiangalia.

Nikaenda kwa Desderi na karatasi zote mbili. Watu walikuwa wamejaa dukani. Nikaziweka juu ya kaunta, nikamwonyesha kwa kidole, mstari kwa mstari. Aliangalia kidogo tu.

"Dada, tuseme ukweli, ndama wanakufa. Na mvua hizi."

Nikamwuliza nani aligusa faili. Akaigeuza karatasi kuelekea kwa wateja.

"Hapo chini pana jina la nani? La kwangu mimi silioni."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyocheka dukani. Mimi nikarudi na mvua yangu.

Leo nimeletewa mtihani wa darasa la sita, una jedwali dogo la mvua. Kazi ya dakika chache. Nimekaa nayo asubuhi nzima. Nimeweka pointi moja, nikaogopa. Mbili, nikaogopa. Nikaishia tatu, likawa jeusi kama tangazo la msiba. Mwalimu kalipokea, ila nimeona alivyoliangalia.

Nimelijenga jina hilo miaka yote hii. Sasa sijui nilifute kwenye kazi zangu au niliache. Nikilifuta, nani atanijua? Nikiliacha, baba yangu hakuamini karatasi ya Desderi, aliamini hilo.

Na hata nikithibitisha, namthibitishia nani? Mzee hajui pointi ni nini. Anajua binti yake aliandika, naye akafuata.

Desderi, najua unasoma hapa, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unanitania kwamba blogu yangu ina wasomaji wawili, wewe na mimi. Kwa hiyo sikuzungukii. Sitaki pole. Sitaki ndama wa kufidia, hilo ongea na mzee mwenyewe. Basi la Namanyere linatoka Ijumaa saa nne asubuhi, na mimi nitakuwemo. Kabla halijatoka nataka neno moja, ndiyo au hapana, dukani kwangu, kwa mdomo wako: mistari mliikondesha ninyi?

Kama ni ndiyo, panda basi nami ukamwambie baba.