Sketi ya Binti wa Daktari

Mjukuu wangu Zuwena,

Shikamoo yako imenifika huku Ibra, marahaba. Sote wazima, alhamdulillahi. Ami yako keshavuna tende, na cherehani yangu bado yafanya kazi.

Waniuliza kwa nini mwenzako wa chumba huko chuoni, yule msichana wa Chennai, kakununia ulipomwambia ngoma za Kihindi zote moja. Hata mimi nilidhani hivyo. Nilipokuwa msichana, jirani yetu hapa, mke wa daktari, naye mtu wa kusini mwa India huko huko, aliniletea hariri nimshonee bintiye nguo ya kuchezea bharatanatyam, ngoma ya kwao. Sikumuuliza kitu. Nikashona sketi pana ya duara, kama za kathak nilizoziona Unguja utotoni. Kathak ni ngoma ya kaskazini, huchezwa wima, kwa kuzunguka kama pia.

Mama yule hakunigombeza. Alimwambia bintiye aivae acheze mbele yangu. Mtoto akakunja magoti, akayapanua, akabaki nusu kaketi huku nyayo zikipiga sakafu. Sketi yangu ikamning'inia kama pazia, magoti hayaonekani. Hapo nikafahamu kwa nini wao hutia marinda mbele: magoti yakikunjwa, marinda hufunguka kama upepeo.

Nikaifumua yote, na mama yule akakaa nami kuchomoa nyuzi.

Basi usimuombe radhi kwa maneno mengi. Muombe akuchezee, nawe ukae chini, pahala pa kuyaona magoti.

Bibi yako