Nilivyopata mtama hapa Runazi

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, na moyo mzito.

Mama hali. Ugali wa mahindi anausukuma pembeni. Maharage anaonja kidogo, anasema tumbo limekataa. Tangu tuvuke kutoka Burundi, tukapita kambini, tukapata hiki chumba kwa mzee ninayemlimia, mama anakonda tu. Pete imemtoka yenyewe kidoleni. Anataka kitu kimoja, uji wa mtama kama wa nyumbani.

Mgeni atajuaje mtama uko wapi? Kinyozi nimemuona. Mashine ya kusaga naisikia. Pa kuchaji simu napajua, ndiyo hii naandikia. Lakini mtama dukani haupo, na kuuliza naogopa. Nikifungua mdomo tu watu wanajua nimetoka wapi. Kwa hiyo nakaa nje ya duka, natazama nani amebeba nini.

Jana mwenye duka kanichoka.

"We kijana, unanunua au unalinda? Maana mshahara wa mlinzi mimi sina!"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikaondoka.

Leo asubuhi mvua ilianza ghafla, kila mtu anakimbia kuanua vitu. Bibi mmoja anavuta mkeka peke yake. Juu yake mtama uliochipua, kimea cha pombe. Nyumba yake naipita kila siku! Nikashika upande wa pili, tukauingiza ndani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Nikainama kuokota punje zilizodondoka. Akaniangalia, akauliza tena kwa Kihangaza. Kumbe kwao ni Mabawe, kule karibu na mpaka wa Burundi, aliolewa huku. Kihangaza na Kirundi tunaelewana. Nikajibu kwa Kirundi, na nikishaanza sikuweza kuacha. Nilimwambia yote, mpaka ya uji.

Hela akakataa. Akasema kimea ni cha walevi, mgonjwa anataka mtama wenyewe. Akautoa ndani, akausaga kwenye jiwe, akapika hapo hapo. Akajifunika kanga kichwani.

"Twende wote, mjukuu wangu. Wewe na hayo matope, uji utanywewa na barabara."

Mimi siku zote namwekea mama chakula mbele yake, natoka nje. Nadhani ndiyo heshima, ashibe kwanza.

Bibi hakufanya hivyo. Alimimina uji kwenye kikombe, akanywa yeye kwanza, funda moja, mama anamuona. Akafuta mdomo wa kikombe kwa kiganja, akampa kwa mikono miwili.

Mama akapokea.

Nikasimama pale kama mti. Kwetu ndivyo ilivyo. Ukimpa mtu kitu unaanza kuonja wewe, aone hakina ubaya. Nalijua hilo tangu mdogo. Lakini kambini chakula kilitoka kwenye sufuria kubwa, hakuna wa kumuonjea mwenzake, nikasahau. Hapa nanunua ugali kwa mama ntilie ambaye mama yangu hamjui hata sura, naweka chini, natoka. Na yeye hakuniambia kitu. Labda aliona aibu kumwambia mwanae aonje.

Alimaliza kikombe. Bibi akaongeza. Akamaliza.

Halafu akaanza kulia.

Kulia kwa sauti, anamwita baba. Baba tulimzika kabla ya kuvuka, na mama siku ile hakulia. Alifunga mzigo, akatembea. Mimi nilifikiri ni mvumilivu. Kumbe nguvu za kulia hakuwa nazo.

Bibi akamshika mabega. "Mwache alie. Toka wewe." Nikatoka, nikasimama kwenye mvua. Majirani wanachungulia milangoni, na mimi naangalia chini.

Sasa mama amelala. Bibi ametuachia unga wa mtama wa kutosha.

Kesho nitapika mwenyewe, nitaonja mbele yake, nitakaa. Nataka sana apate nguvu. Lakini akizipata atalia tena, na mimi sijui mtoto wa kiume anafanya nini mama yake akilia vile.