Nimnunulie Baba gari la klachi na mguu wake haurudi?

Mpendwa mshauri, shikamoo, nakuandikia nimekalia kiti cha gari la mteja ambacho kilitakiwa kiwe kimeshonwa tangu jana, akili haitulii kwenye sindano, naomba unisaidie kabla sijaharibu ngozi ya watu.

Baba yangu amefundisha udereva maisha yake yote, na muda wote huo ndoto yake ilikuwa moja, gari la spoti la viti viwili, lile ambalo taa zake za mbele hufumbuka kama macho, akiliona likipita anageuza shingo mpaka Mama amelibatiza "mke mwenzangu", sasa amestaafu na sisi watoto tumekubaliana kumnunulia lililotumika, kazi ya kuchagua nikapewa mimi ninayeshinda na magari, na yadi moja ninayoishonea viti wanayo mawili, la toleo la kwanza, gia za mkono, paa la turubai, usukani mgumu, yaani lilelile la ndoto yake, na la toleo la tatu, otomatiki, usukani mwepesi, kiti kinapanda na kushuka kwa kitufe, lakini taa zake ni za kawaida tu na Baba husema otomatiki si gari, ni lifti iliyolala.

Shida ni kwamba Baba alipata kiharusi, mguu wa kushoto, ule wa klachi, ukagoma, na daktari wa mazoezi alituita pembeni mimi na Mama akatuambia hautarudi, sisi tukamwambia Baba, "Daktari anasema unaendelea vizuri," basi kila jioni anakaa sebuleni anakandamiza mguu wa meza kwa mguu ule, meza haisogei hata kidogo, halafu ananiuliza, "Umeona? Leo klachi imeshuka," nami naitikia, "Imeshuka, Baba." Nikinunua otomatiki nitakuwa nimemwambia kila kitu bila kufungua mdomo, nikinunua la klachi litakaa uani akilitazama mpaka matairi yaishe upepo, mwenye yadi anataka jibu, Mama nikimuuliza anakimbilia jikoni, na mimi mwenyewe najua otomatiki tu, maana Baba aligoma kunifundisha, alisema mtoto hamwogopi mwalimu aliyemfunga nepi, akanipeleka kwa mwenzake anayefundishia otomatiki, na mpaka leo ananitania kwamba mimi ni abiria aliyeshika usukani. Nichukue lipi?

Fundi wa Viti

Marahaba, Fundi wa Viti. Pole sana, mwanangu. Kumtazama mzazi akipigana na meza kunauma, na barua yako nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu.

Ila acha nikuseme kidogo. Wewe hujaniuliza habari za gari. Unatafuta gari likamwambie Baba yako kile ambacho wewe na Mama kimewashinda, na kazi hiyo gari haliiwezi. Halafu nani kakudanganya kwamba hajui? Mtu aliyekaa kando ya wanafunzi miaka yote, mguu juu ya klachi ya mwalimu, akijua kabla yao kwamba gari linataka kuzima, leo asiujue mguu wake mwenyewe? Naona anasema "imeshuka" kwa ajili yako, nawe unaitikia kwa ajili yake, na sebuleni hapo kila mtu amebaki peke yake.

Kwa hiyo usinunue lolote kwanza. Mwambie mwenye yadi asubiri, akikataa, magari yapo mengi. Mtoe Mama jikoni, kaeni na Baba, umweleze maneno ya daktari kama yalivyo. Atakasirika, na ana haki, kwa sababu mguu ni wake na habari zake mmezificha ninyi. Akilia, lieni wote.

Akitulia, mpeleke yadini akae kwenye yote mawili. Wewe fundi ulipaswa kuliona hili: la toleo la kwanza liko chini mno, kuingia na kutoka atahitaji mkono wa mtu. Na asiendeshe lolote, hata otomatiki, mpaka daktari aruhusu.

Kisha achague yeye. Akinyoosha mkono kutaka ufunguo wa otomatiki, mpe, na usimtazame kwa huruma. Akizunguka upande wa pili wa lile la klachi, akakwambia, "Kaa kwenye usukani," basi kaa. Litakuzimikia katikati ya barabara, watu watapiga honi, naye atakusema mbele yao. Washa tena.