Sahihi Iko Bukene

Swaumu mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Matobolwa ya safari, vile viazi vikavu, nimeyafunga kikapuni, usigawe hata kipande. Kuku wafungie.

Nimepanda treni ya Mwanza, nakwenda Bukene. Mkubwa wa kutia sahihi pasi yako ya kusafiria yuko huko anahutubia wanakijiji. Hawa kazi yao kuhutubia. Ubalozi wa Dar unakungoja Alhamisi kwa viza, ikipita hiyo, nafasi yako ya kusomea upasuaji Ulaya anapewa mwingine. Yeye inamhusu nini?

Lakini leo asubuhi ofisini umenitoa machozi. Yule karani alivyokucheka, "Binti wa mtaa wa Isevya akapasue Wazungu!" Nawe ukamjibu, "Nitaanza na wewe, kaka. Hilo jipu la shingoni linataka kisu." Ukalitumbua palepale, ukamfunga kwa leso yako. Mimi wa darasa la pili ningemtukana tu. Ulipotoka akanipa pasi mwenyewe na kuniambia bosi wake alipo.

Kesho usiningoje nyumbani. Nenda stesheni na mzigo wako, simama pale wanapounga mabehewa ya Mwanza na ya Kigoma kwenda Dar. Mimi nitashuka na pasi, wewe utapanda.

~~Ukifuzu baki hukohuko, usirudi kuwatumikia hawa.~~

Hilo nimelikata. Rudi, mwanangu. Mama yako alikufa akingoja daktari, na pale wodini wapo wanaongoja bado.

Baba yako