Kengele ya Ijumaa

Garsen, Jumatatu

Kaka Bonaya,

Nakusalimu bila kuhesabu dakika. Nimeandika kwa karatasi, maana ujumbe wa simu ungeupanga kwenye orodha yako.

Orodha hiyo niliiona. Idi kubwa iliyopita, ulipokuja nyumbani, ulikwenda kutawadha ukaiacha simu mkekani, ikawaka: "Ijumaa saa kumi. Mpigie Mama, dakika sita. Uliza goti, ng'ombe mwekundu, mvua." Chini yake: "Peleka gari kuoshwa." Ukarudi, ukabonyeza kwamba kutawadha tayari, simu ikalia ti!

Tangu lini sisi Waorma tukasalimiana kwa dakika? Marehemu baba aliulizia ng'ombe mmoja mmoja mpaka chai ikapoa. Wewe kila Ijumaa unamuulizia ng'ombe aliyekufa kwa ukame, nami nilikwambia! Goti nalo lilipona zamani. Mama haoni, Bonaya. Tangu mwezi wa Rajabu haoni kabisa, na amenikataza kukwambia: "Mwache, ana kazi nyingi." Nawe utaulizaje, na macho hayamo kwenye orodha?

Lililonichoma zaidi ni hili: mama akiwa bado anakuombea dua, wewe unabonyeza kwamba umemaliza. Ile ti! tunaisikia huku.

Juzi aliniuliza ni sauti ya nini. Niliona aibu kumwambia. Akajijibu mwenyewe kwa furaha: umenunua ng'ombe huko Nairobi, umemvalisha kengele. Sasa anamwombea naye, azae salama.

Mimi dada yako,
Abdia